AC inakatakata, mshale wa joto unacheza: namna ya kusaka hitilafu kabla ya kununua spea

Gari lililokufa kabisa halimsumbui fundi. Linalomsumbua ni lile linaloumwa likiwa Chimala, kisha linapona lenyewe likifika gereji Mwanjelwa. Unamwambia fundi AC inakata. Anaiwasha, inapuliza baridi kama friji. Unamwambia mshale wa joto ulipanda hadi karibu na H, alama ya moto. Anautazama, umetulia katikati kama haujawahi kuhama. Mwishowe anasema, "Bosi, tujazie gesi kidogo tuone." Unalipa, unaondoka, na Jumamosi ukishuka Kyela mchezo unaanza upya.

Mimi nililipia gesi mara mbili na sensa moja kabla sijakaa chini kufikiri. Huu ndio utaratibu ninaoufuata sasa. Hauhitaji ufundi mkubwa: mita ya umeme, testa, tochi, daftari na subira. Lakini shika jambo moja kwanza. AC na mshale wa joto vikianza kusumbua katika kipindi kimoja, usivitibu kama wagonjwa wawili. Kondensa ya AC, ile inayotoa joto la gesi, imekaa mbele ya rejeta, na feni ndiyo inayovipoza vyote viwili. Kompyuta ya gari nayo ikisoma kwamba maji yamepata joto kupita kiasi, katika magari mengi inazima kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, ili kuipunguzia injini mzigo. Kwa hiyo AC inayokata yaweza kuwa nzima kabisa, inatii amri tu.

Kwanza, daftari

Kwa wiki moja usiguse spana. Kila hitilafu ikitokea, abiria au wewe mwenyewe baada ya kuegesha aandike: tulikuwa wapi, tunapanda au tunashuka, mwendo gani, AC imewaka kwa muda gani, taa zilikuwa zimewashwa au la, mvua ilinyesha au la, na mshale uliruka ghafla au ulitambaa polepole.

Daftari linafanya kazi kuliko unavyodhani. AC ikikata kila unaposimama kwenye foleni Mafiati na kurudi ukikimbia, unatafuta feni. Ikikata baada ya nusu saa ya safari ndefu na upepo wa ndani ukawa dhaifu, unatafuta barafu. Ikikata barabara ikiwa mbovu, waya. Ikikata usiku zaidi kuliko mchana, hilo nitalirudia kwa sababu ndilo lililonipata mimi.

Kuna mambo ambayo si ugonjwa, yafute kabisa. Ukiukandamiza mguu wa mafuta hadi chini unapopanda Kitonga, magari mengi hukata kompresa kwa sekunde kadhaa ili injini ipate nguvu. Asubuhi ya Juni pale Njombe au Makete, AC kutoshika inaweza kuwa kawaida: kunapokuwa na baridi karibu na sifuri, presha ya gesi yenyewe inashuka hadi pale swichi ya presha inapozuia kompresa. Maji yanayodondoka chini upande wa abiria baada ya kutembea na AC ni unyevu wa hewa, tena huku Tukuyu unyevu si wa kutafuta. Na kama gari lako halina mshale bali taa ya bluu na nyekundu, kama Vitz na IST nyingi, ile bluu inasema tu injini bado ni ya baridi.

Mshale unaruka au unatambaa?

Hili swali ndilo linalogawa njia. Lita tano au sita za maji ndani ya chuma cha kilo nyingi haziwezi kupanda joto kwa nyuzi 20 ndani ya sekunde moja. Mshale ukiruka ghafla kama uliochomwa na sindano, kisha ukarudi ghafla, huo ni umeme: waya, soketi, ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi na injini), sensa au dashibodi. Ukitambaa dakika mbili tatu ukipanda, uamini. Hilo ni joto la kweli, hata kama baadaye litashuka lenyewe.

Kati ya hayo mawili kuna wa tatu, na huyo ndiye mbaya. Maji yakipungua, sensa inabaki ndani ya mvuke au hewa. Hapo mshale unayumba, na unaweza hata kushuka kuelekea C, alama ya baridi, wakati injini inaungua. Kwa hiyo unapopanda mlima, mshale ukiporomoka ghafla usishangilie. Washa hita ya ndani: ikipuliza ubaridi ilhali injini ilishapata moto, maji hayafiki. Simama mahali salama, zima injini.

Mshale ukitambaa juu na hakuna mvuke, zima AC, washa hita hadi mwisho na madirisha yote chini, tafuta pa kuegesha. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Kifuniko cha rejeta usikiguse hadi mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuungua. Nimeona mtu pale Ruaha Mbuyuni, katikati ya wauza vitunguu, akifungua kifuniko kwa kitambaa, kitambaa hakikumsaidia.

Maji na kifuniko cha rejeta

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko. Maji yawe yamejaa hadi shingoni. Usitegemee chupa ya akiba peke yake, maana inaweza kuwa na maji huku rejeta ikiwa na upungufu, hasa kifuniko kikiwa kibovu.

Sasa hapa sisi wa nyanda za juu tuna hesabu yetu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji katika sufuria huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Thamostati, yaani vali inayoachia maji kwenda kwenye rejeta, katika magari mengi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82, na feni ya umeme inaanza kuzunguka kwenye nyuzi 93 hadi 96. Ukizitazama namba hizo vizuri utaona kwamba bila presha, maji huku kwetu yanaweza kuchemka kabla hata feni haijawaka. Kinachozuia ni kifuniko. Kile chenye maandishi 0.9 au 1.1 kinafungia presha ndani na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 115 au zaidi. Raba yake ikipasuka, au springi ikilegea, umerudi kwenye sufuria. Gari hilohilo Kyela litakuwa na nafuu kidogo, Isyonje litachemsha, na wewe utazunguka kwa mafundi ukisema gari lina mashetani.

Kagua raba kwa kucha: ikiwa ngumu kama plastiki au ina mfereji uliozama, badilisha kifuniko, na kiwe cha namba ileile. Kipya ni bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kwenye makala hii.

Ukiwa hapo, tazama rangi ya maji. Maji ya kahawia ni kutu, na kutu hulalia kwenye sensa na ndani ya rejeta. Tumia kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa tayari, au nusu kulanti nusu maji safi yasiyo na chumvi. Kama maji yanapungua kila wiki bila kuona yanapovujia, na mipira inakakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi, au mapovu hayakomi shingoni, mpelekee fundi apime gasketi ya silinda hedi. Hilo si la kufanya barazani.

Na thamostati: kama iliwahi kutolewa "ili gari lisichemshe", irudishwe. Najua ushauri huo unatolewa kila kona. Lakini injini bila thamostati, katika baridi ya Mafinga, haifiki joto lake, inakunywa mafuta, hita haipati moto, na kompyuta inaweza kuandika kosa P0128. Halafu mshale unapanda mlimani na kushuka kwenye mteremko, nawe unaanza kusaka hitilafu ya umeme isiyokuwepo.

Feni

Washa injini, washa AC, weka ubaridi wa mwisho, shuka ufungue boneti. Kwenye gari dogo lenye feni ya umeme, feni moja au zote ziwake mara moja au ndani ya dakika chache. Zima AC, acha injini iunguruma hadi ipate moto: feni iwake na kuzima yenyewe.

Feni ikiwa haizunguki, gonga kidogo mgongo wa mota yake kwa mpini wa bisibisi, mikono mbali na mapanga. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake za ndani zimeisha. Hiyo ndiyo feni inayomdanganya fundi: asubuhi inawaka, mchana inagoma, ukigonga shimo barabarani inaamka. Kama haigutuki, hamisha rilei, kile kiboksi cha swichi ya umeme kwenye boksi la fyuzi. Mara nyingi rilei ya honi ina namba sawa na ya feni; zibadilishane uone tatizo linahamia wapi. Usichomeke zenye namba tofauti kwa kuwa tu zinaingia.

Hiace, pikapu na magari mengine yenye feni inayoendeshwa na mkanda yana kiungo cha mafuta mazito kati ya feni na injini. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikupe ukinzani. Ikizunguka huru kama pangaboi, kiungo kimekufa.

Kisha chukua tochi, chungulia kati ya kondensa na rejeta. Wanaopita Chimala na Ubaruku wakati wa mavuno ya mpunga watakuta pumba zimejipanga humo kama mkeka. Osha kwa maji ya presha ndogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha ya kuoshea malori inalaza mapezi yote na utakuwa umejiharibia.

Ethi

Ndilo nililosema nitalirudia. Nilikuwa nashuka Kyela jioni, nimepita Ushirika. Giza likaingia, nikawasha taa. Mshale uliokuwa katikati ukaruka juu, AC ikakata. Nikasimama, nikafungua boneti, nikashika mpira wa juu wa rejeta: joto la kawaida. Nikazima taa ili niokoe betri, na mshale ukarudi. Nikadhani injini imepoa. Nilisimama hivyo mara tatu usiku ule, na mara zote tatu nilizima taa, lakini akili haikuunganisha.

Nililigundua wiki mbili baadaye nikiwa nyumbani Uyole, kwa bahati, nilipoondoa betri kusafisha trei. Chini yake kulikuwa na ule waya mpana uliosukwa, unaounganisha injini na bodi. Ulikuwa umevaa unga wa kijani, na nilipoukunja ukasikika ukivunjika kama mkaa. Nyuzi tatu nne ndizo zilikuwa bado zimeshika. AC pekee zilikuwa zinaitosha. Ukiongeza taa na feni ya ndani, umeme ulikuwa unatafuta njia nyingine ya kurudi, na geji ikasoma upuuzi.

Kuupima ni kazi ya dakika mbili. Weka mita kwenye volti za DC. Waya mweusi kwenye kichwa hasi cha betri, mwekundu kwenye chuma kisafi cha injini. Injini iunguruma, washa taa kubwa, AC, feni ya ndani hadi mwisho, na hita ya kioo cha nyuma. Usomaji uwe chini ya volti 0.2. Rudia kati ya kichwa hasi na bodi. Ukipata 0.5 au zaidi, ethi ni mbovu, na hakuna sensa mpya itakayokuponya. Fungua viungo, piga msasa hadi chuma king'ae, funga, paka grisi juu. Tikisa waya huku ukiangalia mita. Namba ikicheza, umemshika.

Sensa ya joto

Ipo karibu na thamostati. Magari mengi ya zamani yana mbili: yenye waya mmoja ni ya mshale, yenye waya mbili ni ya kompyuta. Kwa hiyo mshale unaweza kusema uongo huku kompyuta ikijua ukweli, na kinyume chake. Mapya yana moja tu, na mshale unapewa habari na kompyuta.

Kwa ile ya waya mmoja: swichi ikiwa ON, chomoa waya, mshale uende C. Ugusishe waya kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja, mshale uanze kukimbilia H. Ukitii yote mawili, dashibodi na waya ni vizima, na sensa ndiyo ya kushukiwa. Hii ya waya mmoja inapata ethi kupitia nyuzi zake za kufungia, kwa hiyo fundi aliyeizungushia utepe mweupe wa mabomba kwa wingi anaweza kuwa ndiye aliyeitenga.

Ile ya waya mbili ipime ukinzani. Kwenye Toyota nyingi utapata kama kiloohm 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na ohm 300 hivi kwenye nyuzi 80. Itumbukize kwenye maji ya chai yanayopoa, tazama namba ikipanda taratibu. Ikiruka au ikipotea ghafla, itupe. Lakini kabla ya kuitupa chungulia soketi yake: pini zenye kutu ya kijani na klipu iliyovunjika ndizo ninazozikuta zaidi.

Ukiweza kupata kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachoonyesha joto la maji kwenye simu, nunua. Abiria asome namba wakati mshale unaporuka. Namba ikibaki 90 na mshale uko juu, kosa liko upande wa mshale. Kosa P0119 nalo lina maana kwamba usomaji wa joto unakuja na kuondoka. Tahadhari tu kwamba baadhi ya magari ya zamani ya soko la Japani hayazungumzi na vifaa hivi vya bei nafuu.

AC yenyewe, na gesi mwisho

Hitilafu ya kuja na kuondoka huwezi kuipima gari likiwa zima, hivyo weka mlinzi. Nilichukua balbu ndogo ya volti 12, nikaiunganisha kwenye waya wa klachi ya kompresa (sumaku inayoishikisha kompresa na puli ya mkanda) kwa fyuzi ndogo, upande wa pili ethi, nikapitisha waya pembeni ya boneti hadi ndani, nikaubana mbali na mkanda na feni. Sasa endesha.

AC ikikata na balbu ikiwa bado inawaka, umeme unafika ila klachi haishiki. Mara nyingi nafasi kati ya sahani na puli imepanuka. Katika kompresa nyingi inatakiwa iwe kati ya milimita 0.35 na 0.65. Sumaku ikipata moto inakosa nguvu ya kuvuta nafasi pana, ndiyo sababu asubuhi inashika na saa nane mchana inagoma. Fundi anatoa shimu, kile kipete cha kujazia nafasi, moja nyembamba, kazi imekwisha, bila kununua kompresa. Usiruhusu akuuzie kompresa kabla hajapima hapo.

Balbu ikizimika pamoja na AC, kuna kitu kimeamuru: rilei, swichi ya presha, sensa ya evapoleta (sehemu ya ndani inayopoza hewa), au kompyuta iliyosoma joto kubwa la maji. Hapa ndipo zile hatua za juu zinapolipa, kwa sababu feni na ethi umeshaziondoa kwenye orodha.

Upepo ukidhoofika polepole safarini, kisha ukizima AC kwa dakika kumi unarudi vizuri na maji mengi yanamwagika chini, evapoleta inaganda barafu. Anza na filta ya ndani iliyo nyuma ya kabati la abiria. Ya kwangu ilikuwa na majani ya mparachichi na manyoya. Baadaye sensa ya evapoleta, na baadaye gesi.

Gesi haitumiki kama petroli. Ikipungua, inavuja, na kujazia tu ni kukodisha ubaridi kwa mwezi. Injini ikiwa imezimwa tangu usiku, presha ya R134a, gesi ya AC ya magari mengi, inafuata joto la hewa: kwenye nyuzi 10 ni kama psi 45, kwenye 20 kama psi 68, kwenye 25 kama psi 80. Ikiwa chini sana ya hapo, gesi imepungua kweli. Ikifanana, bado haijathibitika kuwa imejaa, maana tone la kimiminika likibaki ndani presha inabaki ileile. Ndiyo maana fundi mzuri huivuta yote, hupima uzito, na hurudisha gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Doa la mafuta kwenye kiungo ndilo alama ya tundu.

Sisi wa baridi tuna kosa letu: tunakaa miezi bila kuwasha AC, sili ya shafti ya kompresa inakauka, kisha tunaidai ifanye kazi tukishuka Morogoro. Iwashe dakika kumi kila wiki, hata Julai. Utaihitaji pia ukungu ukishika kioo pale Mlima Nyoka.

Ukishatengeneza, rudi kwenye barabara ileile uliyoiandika daftarini, saa ileile, na mzigo uleule. Mimi nilipanda Uyole hadi Isyonje na kushuka Tukuyu, nikasubiri giza, nikawasha taa. Mshale haukuhama. Nikazima, nikawasha tena, mara nane hivi, hadi dereva wa lori aliyekuwa nyuma akanipigia honi.